Mheshimiwa Hataki Kutulia

Mtoto wetu wa tatu nilimpa cheo kabla hajapata jina. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, mwaka wa uchaguzi, na kila ukifungua redio ulisikia mtu amehama chama. Asubuhi yuko huku, saa ya chai yuko kule, jioni amerudi anaomba msamaha. Basi siku ile Sista Rodah wa dispensari alipompapasa mke wangu Chelangat tumboni akasema, "Mwezi jana huyu alikuwa amekaa makalio chini, leo amekingama," mimi nikamwambia, "Sista, huyo si mtoto, ni mheshimiwa. Hata kura hajapiga na tayari amehama chama."

Benchi zima la wajawazito likacheka. Chelangat peke yake, akiwa bado amelala nyuma ya pazia, alisema bila kuinua sauti, "Usimwite hivyo."

"Nimwiteje basi?"

"Usimwite kitu. Mwache kwanza afike."

Mimi nilikuwa mwanamume wa pekee kwenye kliniki ile ya Jumatatu. Wenzangu wa rika walisema eti mke wangu ndiye aliyenioa. Lakini kadi ilikuwa inaandikwa Kiingereza, Chelangat aliacha shule darasa la saba, na kituo cha kupimia majani chai, ambako mimi nilikuwa karani, kilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Jumatatu hatupimi. Kwa hiyo nilikaa pale katikati ya matumbo, nikichokozwa.

"Na wewe karani, una miezi mingapi?"

"Saba," nikajishika kiuno. "Lakini yangu ni ugali, na haigeuki."

Wiki mbili baadaye kichwa kilikuwa chini. Tukafurahi. Wiki iliyofuata kichwa kilikuwa juu, kimembana mama yake mbavu mpaka anakula akiwa amesimama. Sista Rodah alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono midogo, na kabla ya kumgusa mtu aliisugua kwanza ipate joto. Aliweka mkono mmoja juu ya tumbo, mwingine chini, akafumba macho kama mtu anayetafuta shilingi mfukoni gizani. Halafu akachukua ile pembe yake ya bati ya kusikilizia moyo, akainamisha sikio. "Moyo ni mzuri," alisema kila mara. "Moyo hauna shida. Shida ni mwenyewe."

Kule kituoni nikawa natangaza matokeo. Nyakundi, dereva wa lori la majani, Mkisii mwenye sauti ya kanisa, alikuwa hata breki hajavuta vizuri, tayari anapiga kelele dirishani: "Karani! Mheshimiwa leo yuko chama gani?" Na mimi, nikiwa nimetundika gunia la mtu kwenye mizani, nikamjibu: "Leo yuko upinzani, bwana. Ameangalia upande wa Narok." Wakulima wakacheka, foleni ikasonga, hata mama ambaye nimemkatia kilo moja ya maji ya mvua akasahau kuninunia.

Maana kazi yangu, ukiacha mzaha, ilikuwa ni kununiwa. Mkulima anataka kilo zake. Mimi naandika. Kule kiwandani Mogogosiek jioni wanapima tena, na hesabu haifanani, kwa sababu jani likishachumwa halitulii: linapumua, linanyauka, linapoteza maji njiani. Nilikuwa nimelieleza jambo hilo mara elfu. "Mama, uzito wa saa sita si uzito wa jioni. Mimi naandika ninachokiona saa hii." Nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote kwenye ule mlima.

Siku alipokingama mara ya pili ndipo niliposema lile neno. Nilikuwa nimesimama katikati ya benchi, nimekolea. "Nyinyi mnafikiri huyu atatoka na kichwa kama raia wa kawaida? Mheshimiwa atatoa mkono kwanza, awasalimie wapiga kura." Nikawaonyesha: nikapunga kiganja polepole, kama mtu aliye juu ya gari lenye vipaza sauti. Mama mmoja alicheka mpaka akaomba kusindikizwa chooni.

Sista Rodah hakucheka. Alikaa mezani akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa.

Daktari wa huko alikuwa kijana, pengine tulilingana. Alimpima Chelangat, akatuambia mtoto ana maji mengi kuliko kawaida na tumbo limeshalegea, ndiyo maana anaogelea. Nikamwuliza kama hawezi kumgeuza tu, yaishe. Akajaribu. Aliweka mikono miwili, akasukuma pole pole, na kwa macho yangu mwenyewe niliona tumbo la mke wangu likibadilika umbo, kutoka upana kwenda urefu. Kichwa kikawa chini. Tulimshukuru kirefu, kama wachungaji. Tulipofika langoni, kabla hata ya kuvuka kwenda kusubiri gari, Chelangat alinishika kiwiko.

"Amerudi," akasema.

Tukarudi ndani. Daktari hakushangaa. Akatukalisha, na akaongea pole pole ili nisipoteze neno.

"Sitamgeuza tena, kwa sababu hakai. Sikilizeni. Chupa ikipasuka mtoto akiwa amekingama, kitakachotangulia si kichwa. Itakuwa kamba ya kitovu, au mkono. Hapo mtoto hawezi kuzaliwa kwa njia ya kawaida, na mama mwenyewe yuko hatarini. Ni upasuaji tu, na ni haraka. Kwa hiyo nataka aje alale hapa kuanzia Jumanne ya kwanza ya Desemba, mpaka atakapojifungua. Awe mzima, asiwe na uchungu, haidhuru. Akae hapa."

"Hata kama kichwa kiko chini?" niliuliza.

"Hata kama kiko chini. Leo kiko chini, kesho hujui."

Alisema hivyo. Kwa maneno hayo hayo.

Nyumbani mama yangu, ambaye watoto walimwita Kogo, yaani nyanya, hakuwa na neno na hospitali. Yeye alikuwa na maelezo yake tu. Kwetu mtoto hachaguliwi jina; anajichagulia. Akishazaliwa, kina mama wanataja waliotangulia mmoja mmoja, wanamsogezea ugoro kidogo puani, na lile jina atakalopigia chafya ndilo lake, ndiye aliyerudi. "Huyu anageuka kwa sababu kule bado wanabishana," Kogo alisema huku akikamua. "Baba yako anataka kurudi, na ndugu yake anataka kurudi, na hao wawili hata wakiwa hai hawakuwahi kukubaliana juu ya mpaka wa shamba. Wakielewana, mtoto atatulia." Tayari alikuwa ameshatengeneza ugoro mpya. Aliuweka ndani ya kipembe kidogo cha mbuzi, kifuniko cha ngozi, amekifunga kwenye pindo la leso.

Mwaka ule mvua ilikataa kukoma. Ilianza Oktoba ikasahau kuacha. Chai ilifurahi, ilichipuka kama imetukanwa. Sisi ndio hatukufurahi, kwa sababu barabara yetu ilikuwa uji, na gari pekee lililothubutu kupanda lilikuwa lori la majani, Jumanne na Ijumaa. Ijumaa ya mwisho wa Novemba halikufika kabisa. Majani yakalala kituoni, yakawaka joto ndani ya magunia, yakageuka kahawia, tukayamwaga. Nimeona wanaume wazima wakiyaangalia yale majani kama wanaangalia ng'ombe aliyekufa.

Jumatatu, tarehe moja Desemba, tukaenda kliniki. Sista Rodah akasugua mikono, akafumba macho.

"Chini," akasema. "Kichwa kiko chini leo." Akaandika kwenye kadi. Kisha akanielekezea kalamu. "Nimesema leo, Baba Sally. Kesho mnaenda hospitali. Si ndiyo?"

"Kesho na mapema, Sista."

Chelangat alikuwa ameshapanga nguo zake ndani ya sanduku dogo la shule, lile langu la kidato cha kwanza. Jumanne alivaa gauni la kanisani, akashuka nami kituoni, akaketi juu ya sanduku kando ya mizani akitazama watu wakipima. Lori lilifika saa tisa. Tulipima majani ya wiki nzima siku ile. Foleni ilizunguka kituo mara mbili, na hakuna aliyekuwa tayari kuacha gunia lake nyuma lioze tena. Nyakundi alijaza nyuma mpaka turubai likakataa kufunga. Yaliyobaki, magunia mawili, akayasukuma mbele kwenye kiti cha abiria. Ndipo akamwona Chelangat na lile sanduku.

"Ah! Karani, si tulisema mama anaenda leo? Hebu nitoe hizi gunia."

Magunia yale yalikuwa ya mzee mmoja aliyemwaga yote Ijumaa. Alikuwa amesimama hapo hapo. Alitazama gunia, akatazama mke wangu, akatazama chini.

Nikaichukua kadi kwenye mkoba wa Chelangat, nikaifungua mbele ya watu.

"Wacha," nikamwambia Nyakundi. "Mheshimiwa amerudi chama tawala. Hii hapa imeandikwa: kichwa chini. Tutaenda Ijumaa, kiti kikiwa na nafasi, mama asafiri kama mtu."

"Una hakika, bwana?"

"Mimi ni karani. Kilichoandikwa kimeandikwa."

Wakacheka. Chelangat alikuwa ameweka mkono ubavuni, upande wa kulia. "Baba Sally," akaniambia kwa lugha yetu, chini chini, "mimi naona kama amesogea."

"Amejinyoosha tu."

"Pengine."

Hakubishana. Laiti angebishana! Lakini alikuwa amechoka kumfuatilia yule mtoto, kama sisi wote, na kadi ilikuwa mkononi mwangu. Akasimama, nikabeba sanduku, tukapanda mlima. Lori lilishuka na yale magunia mawili yakitazama mbele kupitia kioo.

Ijumaa tulikubaliana Chelangat atashuka saa tisa. Saa saba hivi nilikuwa napima, mvua inanyesha kwa unyenyekevu, nina penseli sikioni na mama mmoja ananiuliza Mheshimiwa anagombea kiti gani. Nikamwona Kogo. Mama yangu hakuwahi kukanyaga kituoni hata siku moja. Alisema ni mahali pa kelele. Alikuwa anashuka katikati ya michai, si kwenye njia, bila viatu, leso imemtoka kichwani. Watu walipomwona walinyamaza, lakini bado na tabasamu, wakidhani kuna kichekesho kinakuja.

Alinifikia akanishika mkono wenye kitabu.

"Chupa imepasuka," akasema. Akapumua. "Mkono umetangulia."

Hapakuwa na mtu pale ambaye hakuwahi kuisikia ile hadithi yangu ya kusalimia wapiga kura. Niliisimulia kituo kizima, kwa vitendo. Nikaona ikiwapitia usoni mmoja baada ya mwingine, na mmoja baada ya mwingine wakaacha kunitazama.

Sijui nani aliyesema twende. Wanaume walikata miti miwili ya mikalatusi, wakaipitisha kwenye magunia matupu ya majani, ikawa machela. Sista Rodah alivuka barabara akikimbia na mkoba wake. Simu ya dispensari ilikuwa imekufa tangu mwanzo wa mvua. Tulipofika nyumbani Chelangat alikuwa sakafuni, amepiga magoti na kuinamisha kifua chini, kichwa amekilaza juu ya mikono, jinsi Sista alivyowahi kumfundisha. Sally, mkubwa wetu, alikuwa ameketi karibu naye anamsugua mgongo.

"Nimefanya hivyo ulivyosema, Sista," Chelangat akasema kutoka pale chini.

"Umefanya vizuri, mama. Vizuri sana."

Sikupaswa kuwa mle ndani. Kwetu mwanamume hakai hapo. Lakini hakuna aliyekumbuka kunifukuza, na niliuona ule mkono. Ulikuwa mdogo, wa rangi ya zambarau iliyoanza kuiva, na kiganja kilikuwa wazi. Sista akaufunika kwa kitambaa safi alicholowesha maji ya chumvi ya chupa. "Mtu yeyote asiuvute," akasema kwa ukali, ingawa hakuna aliyekuwa ameinua hata kidole. Akasikiliza kwa pembe. Tulisikia mvua tu.

"Bado," akasema. Kogo akaachia pumzi.

Tukamshusha mpaka kituoni. Saa nane. Lori halijafika. Tulimlaza ndani ya banda la mizani juu ya magunia yaliyojaa majani, yalikuwa laini na yalikuwa na joto, na wanawake wakasimama wakamzungushia leso zao kama ukuta. Mimi nilibaki nje ya ukuta huo. Nilikwenda barabarani nikaangalia chini kwenye kona. Nikarudi. Nikaenda tena. Kila niliporudi nilisikia Sista akisema "Bado," na hilo neno, ambalo maisha yangu yote lilikuwa ni la kuudhi, bado mshahara, bado chakula, likawa neno tamu kuliko yote niliyowahi kusikia.

Lori lilifika saa tisa na dakika kumi. Nyakundi alichomoa kichwa dirishani, mdomo umeshafunguka, "Kara—" Akaona ule ukuta wa leso. Akazima kelele, akaacha injini ikinguruma.

Wakulima walikuwa wamekubaliana wenyewe: leo hakuna majani, mama apelekwe. Lakini Nyakundi alishuka akatazama barabara, akatingisha kichwa.

"Tupu haitapanda ile kilima ya mtoni. Itacheza tu. Nyuma lazima iwe nzito. Pakieni."

"Tupime?" mtu akauliza, kwa mazoea.

"Pakia, bwana!"

Hiyo ndiyo mara ya pekee majani ya mlima wetu yalipoondoka bila kupimwa wala kuandikwa. Yalirushwa ndani, ya huyu na ya yule, na yule mzee wa magunia mawili ndiye aliyekuwa juu akiyapokea. Na mimi, karani, nilisimama na kitabu changu nikiona dakika zinaingia ndani ya lori pamoja na kila gunia. Tuliokataa kutoa magunia Jumanne, sasa tulikuwa tunayahitaji.

Kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Chelangat aliinamia juu yake, magoti sakafuni kwenye gari, Sista nyuma yake amejibana kwenye mlango. Kogo na mimi tukapanda nyuma juu ya majani, chini ya turubai. Kogo alikuwa anasogeza midomo. Nilidhani anaomba. Nilipomsogelea nikasikia ni majina. Anayapanga, nani atatangulia kutajwa.

Kwenye kilima cha mtoni lori lilipanda nusu, likasimama, likaanza kurudi kinyumenyume kwa upole kama ng'ombe asiyetaka josho. Tukaruka chini. Watu waliotufuata kwa miguu wakafika na mapanga, wakakata matawi ya michai iliyokuwa kando ya njia, shamba la mtu ambaye hakuulizwa, wakayatupa chini ya magurudumu. Tukasukuma. Matope yalinijaa mdomoni. Kila Nyakundi alipokanyaga mafuta nilisikia sauti ya Chelangat, si kilio, ni kama mtu anayenyanyua kitu kizito mara nyingi mfululizo. Nilitaka kumwambia neno. Kwa miaka sita nilikuwa nimemchekesha yule mwanamke akiwa na malaria, akiwa amefiwa, akiwa anazaa Sally, mpaka mkunga aliniita mwendawazimu dirishani. Nikasimama kwenye mlango wa lori nimeshika kitasa.

"Chelangat."

"Mm."

Hakukuja kitu.

"Tuko karibu," nikasema. Hatukuwa karibu.

Sista alisikiliza hapo kilimani mara tatu. "Bado." "Bado." Mara ya tatu alichelewa, akasogeza pembe, akasogeza tena. "Bado. Lakini anachoka. Sukumeni!"

Ilituchukua saa nzima na zaidi. Tulipofika kwenye lami, lori likaanza kukimbia, na mimi nikakodoa macho kwenye kile kidirisha kidogo cha nyuma ya kichwa cha dereva. Nilimwona Sista Rodah akiinama na pembe yake. Akasikiliza. Akahamisha. Akasikiliza upande mwingine, muda mrefu, mpaka tukapita mashamba mawili ya kampuni na nyumba zao nyeupe. Kisha akaipangusa ile pembe kwa pindo la aproni, taratibu, ndani na nje, akairudisha kwenye mkoba, akafunga zipu. Akaweka mkono wake mgongoni mwa Chelangat. Hakusema bado.

Kogo alikuwa ameketi ameangalia nyuma, hakuona. Aliendelea na majina yake. Sikumwambia.

Hospitali hawakupoteza hata dakika, hilo nalisema. Kitanda chenye magurudumu kilikuwa mlangoni kabla Nyakundi hajazima gari. Yule yule daktari kijana. Alinitazama mara moja, akamtazama Sista, na sikuona lawama machoni mwake, ningeiona ningeshukuru. Milango ikafungwa. Mimi na Kogo tukakaa kwenye benchi, matope yakitukaukia. Alifungua pindo la leso, akatoa kile kipembe, akakishika kwenye kiganja kipate joto.

Daktari alitoka jua likiwa bado halijazama. Alivua kofia.

"Mama yuko salama," akasema. "Tumewahi. Tumbo lake la uzazi lilikuwa karibu kupasuka, lakini tumewahi. Alikuwa mvulana."

Kogo hakujua Kiswahili kingi. Alinivuta shati. "Mwulize kama amepiga chafya."

Nikamwuliza. Sijui kwa nini. Nililiuliza swali la mama yangu kama lilivyo, neno kwa neno, kwa daktari wa watu. Hakulielewa. Alitazama kile kipembe mkononi mwa Kogo, kisha akanitazama mimi ili nimsaidie.

Jibu halikuhitaji kutafsiriwa. Kogo alikaza kile kifuniko cha ngozi kwa kidole gumba, akakifunga tena kwenye leso, fundo la kwanza, fundo la pili.

Baadaye alikuja mhudumu na karatasi. Alikuwa pia na kipande kidogo cha plasta cha kuandikia.

"Jina la mtoto?"

"Hana."

"Lazima niandike kitu hapa, baba."

Najua, nilitaka kumwambia. Mimi pia nina vitabu. Mstari hauachwi wazi. Nikamwambia aandike jina la mama yake, akaandika, akaenda.

Chelangat aliamka taa zilipokuwa zinawashwa. Walikuwa wamemfunika shuka hadi kifuani, na chini ya shuka tumbo lilikuwa limelala. Mkono mmoja ulikuwa na sindano ya maji. Ule mwingine ulipapasa juu ya shuka, upande wa kulia, kisha kushoto, kisha katikati, vile vile alivyokuwa akifanya kila asubuhi kwa miezi mitatu kabla hajaniambia leo yuko wapi.

"Baba Sally."

"Niko hapa."

"Mheshimiwa yuko wapi?"

Hakuwahi kumwita hivyo. Tangu siku ya kwanza, hata mara moja. Midomo yake ilikuwa imekauka na alilitamka vizuri, silabi zote, kama jina la mtu.

Nje nilisikia Nyakundi akiwasha lori, anawahi kiwandani na yale majani ambayo hayakuandikwa popote. Nikavuta kiti. Nikakaa. Chelangat alikuwa ananitazama mdomoni, kama alivyozoea, akingoja niseme.